Nitahama Mstafeli Ukizaa

Ukimwambia Mwalimu kwamba leo kuna joto, atakuuliza joto ukilinganisha na wapi. Hivyo ndivyo alivyotufundisha Jiografia, na hivyo ndivyo alivyoendelea kuishi nasi baada ya kustaafu, sisi majirani zake wa Riruta ambao wengi wetu tulikuwa wanafunzi wake na tulidhani shule tumeshaimaliza. Nyumba yangu na yake zinatenganishwa na ua wa mabati. Bati moja liling'oka mwaka wa mvua nyingi na hatukulirudisha, ili tusizunguke barabarani kila mmoja wetu akiishiwa na chumvi. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa mengi niliyaona kupitia nafasi ya bati moja.

Sijui alizaliwa wapi. Ukimuuliza kwao ni wapi, anakujibu kwamba ramani ni kubwa, kisha anakuuliza wewe maswali mpaka unasahau ulilotaka kujua. Ni mfupi, anatembea mikono ikiwa nyuma kama anayesimamia mtihani, na hata Januari, wakati sisi wengine tunajipepea kwa magazeti, yeye amevaa sweta lililofungwa vifungo vyote. Chini ya gauni lake la nyumbani huvaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Jumapili anavaa kitenge na viatu vya kufunga, na ukikutana naye njiani kuelekea kanisani unajikuta unaangalia kama kola yako imekaa sawa.

Umbea haupendi. Amewahi kumfukuza mama mmoja wa kwaya sebuleni kwake kwa sababu ya umbea. Lakini nikirudi jioni kutoka dukani kwangu, ambako napiga chapa na kutoa fotokopi karibu na steji ya matatu, nitamkuta amesimama pale kwenye nafasi ya bati na kikombe chake cha chai, ananingoja. Atataka kujua nani amekuja kuchapisha barua ya kuomba kazi, nani amekuja na hati ya ndoa, na lile lori lililosimama kwa muuza mbao lilileta nini. Nilipomwambia siku moja kwamba huo nao ni umbea, alinitazama kwa masikitiko.

"Umbea ni habari za mtu," akasema. "Mimi nauliza habari za eneo."

Akitembea kando ya Barabara ya Naivasha ni kama mkuu wa mkoa amekuja kukagua. Muuza nyama ni mwanafunzi wake, fundi wa viatu ni mwanafunzi wake, na wale vijana wa steji nusu yao aliwafundisha na nusu nyingine aliwafundisha wazazi wao. Wanaficha sigara nyuma ya mgongo akipita. Humsimamisha mmoja, akamuuliza Mto Tana unaanzia wapi, na jitu zima lenye ndevu linaanza kujikuna kichwa. "Si ni huko juu, Madam? Aberdares?" Akipata, Mwalimu anatikisa kichwa kidogo tu na kuendelea na safari. Akikosa, ataulizwa tena kesho, na keshokutwa, mpaka ajue. Anapenda sana matembezi hayo. Anarudi nyumbani macho yanang'aa, amebeba mifupa ya supu ambayo hakuiomba na sukumawiki iliyofungwa vizuri.

Jambo moja hajawahi kulimudu, nalo ni kusahihishwa. Mchungaji wetu aliwahi kusema kwenye mahubiri kwamba Ninawi ilikuwa karibu na Misri. Ibada ilipokwisha alimkuta Mwalimu mlangoni na atlasi imefunguliwa ukurasa unaohusika. Hilo sawa, mchungaji alikuwa amekosea. Lakini siku Mwalimu mwenyewe alipoelekeza lori la kokoto likaingia kwenye uchochoro usio na pa kutokea, likakwama huko kutwa nzima na watu wote tukatoka kuangalia, alisimama kando na kueleza kwa utulivu kwamba njia ndiyo iliyohamishwa. Dereva alianza kubisha. Alipoondoka alikuwa anamwomba Mwalimu radhi.

Sasa niseme habari za mti.

Kule jijini, nyuma ya msikiti, kuna mama mmoja wa Mombasa mwenye duka la vipodozi. Mwalimu ni adui wa vipodozi. Tukiwa shule, aliyekuja na rangi ya mdomo alifutwa kwa kitambaa cha Mwalimu mwenyewe, na alifuta kwa nguvu. Lakini mafuta yake ya mgando huyanunua kwa yule mama tu, kwa sababu yule mama humwamkia vizuri na kumpa kiti. Siku moja alimkuta ameletewa kapu la mastafeli kutoka kwao, akampa moja. Mwalimu alilila pale pale dukani, akiwa amezungukwa na wanja na hina, akazitia mbegu kwenye kitambaa.

"Mwalimu, wazipeleka wapi?" yule mama akamuuliza akicheka. "Huko kwenu haumei huo. Ile baridi yenu yaua."

Hilo Mwalimu alilijua. Alilifundisha miaka yote: stafeli ni tunda la nchi ya chini, lataka joto na unyevu, halitaki nyanda za juu. Wenzangu waliokwenda kinyume na hapo kwenye mtihani walipata alama nyekundu ya kosa. Lakini kulifundisha ni kitu kimoja na kuambiwa ni kitu kingine. Alirudi Riruta akazipanda zile mbegu kwenye mikebe ya majani ya chai, akaniambia kwamba anataka kuthibitisha kuwa hazitaota.

Zikaota. Akasema kuota si kumea. Mche mmoja ukamea, akauhamishia kando ya ukuta wa jikoni unaopigwa na jua la mchana, akasema sawa, lakini Julai hauvuki. Julai ilipofika na yale manyunyu yetu ya kutia ganzi vidole, nilimkuta jioni ameubebea gunia.

"Siufuniki," akaniambia kabla sijauliza. "Naweka gunia hapa tu."

Ulivuka ile Julai, na nyingine, ukapita kimo chake, ukapita dirisha. Ndipo akatoa hukumu ya mwisho kwamba umekua, hakatai, lakini hautazaa. Na kwa hili alikuwa na uhakika kabisa, maana ndilo lililomfanya atoe ile ahadi.

Mwalimu ana mtoto mmoja, mwanamume wa makamo mwenye ofisi Westlands na nyumba Kitisuru. Ni mtu mzuri. Huja kila Jumamosi, hukaa, hula ugali na kuosha sahani yake. Tangu baba yake afariki alikuwa akimbembeleza mama yake ahamie kwake, na Mwalimu akimzungusha. Kisha Mwalimu akateleza bafuni akavunjika mkono. Alilala pale sakafuni mpaka nilipoona kwamba hakuna mtu kwenye nafasi ya bati na chai haijanywewa, nikaenda kuangalia. Ule usiku hospitalini kijana wake alilia mbele yangu, na asubuhi yake hakubembeleza tena. Alisema mama anahama.

Mwalimu hakutaka kuhama. Aliniambia wazi, na si mtu wa kusema mambo ya moyoni. Kitisuru aliijua: ua mrefu, geti, nyasi zilizokatwa, kimya. Kijana na mkewe wanaondoka alfajiri, wanarudi giza limeingia. "Nitamuuliza nani Mto Tana unaanzia wapi?" akasema, na mkono wake ukiwa kwenye plasta alionekana mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. "Nitauliza nyasi?"

Lakini alimwona pia mtoto wake alivyoogopa, na hakuweza kumwambia hapana moja kwa moja. Basi akamwambia, mimi nikiwa shahidi, kwamba atahama mstafeli wake ukizaa na tunda likaiva. Kijana hajui chochote kuhusu miti. Aliutazama kupitia dirishani, ukiwa umesimama na majani yake yanayong'aa, akaona ni suala la miezi. Wakapeana mikono. Mwalimu alitumia ule mzima.

Watu wa Riruta hawakujua habari za ahadi, lakini waliujua mti. Wamesikia kwamba majani ya mstafeli yanatibu. Yanatibu nini hawakukubaliana: wengine presha, wengine sukari, mmoja alisema yanasaidia mtu asiyelala. Yakaanza kuchumwa, kwanza kwa kuomba, halafu bila kuomba, mpaka upande wa barabarani mti ukawa na upara. Mwalimu alipaka ubao rangi nyeupe akaandika kwa mwandiko wake wa darasani: MTI HUU HAUTIBU CHOCHOTE. Usiku uleule majani yakachumwa maradufu, maana nani angehangaika kuandika hivyo kama hana anachoficha. Aliung'oa ubao mwenyewe. Baadaye nilimwona akimpa mama yule wa kwaya aliyemfukuza majani mawili matatu, akimwambia ni ya kupata harufu tu.

Ushauri nao ulikuja bila kualikwa. Muuza mbao alisema mti mgumu kuzaa hupigiliwa msumari. Mlinzi wa kanisa alisema kwao mti kama huo hutishwa: unauendea asubuhi na panga, unauambia mwaka huu ni wa mwisho. Mwalimu aliwacheka wote na kusema huo ni ujinga. Kisha asubuhi moja nikasikia ile sauti yake ya darasa la nane, nikachungulia, nikamwona na panga mkononi mbele ya mstafeli. Aliponiona akakata jani moja la mgomba wa jirani lililokuwa limeinamia upande wake, akaingia ndani.

Mwaka ule mstafeli ukatoa maua.

Ua la mstafeli si ua la kuweka mezani. Ni nene, la rangi ya kijani na manjano, limefumbata kama ngumi ya mtoto. Yalitoka, yakanona, yakaanguka yote. Mwalimu angefurahi, au ndivyo nilivyodhani. Ahadi ilikuwa salama, mti ulikuwa umefanya alivyosema utafanya. Badala yake alishinda siku nzima akizunguka na ua moja lililoanguka kwenye kiganja, amelipasua, ametia miwani. Jioni aliniita akanionyesha. Alinieleza kwamba ua moja lina sehemu ya kike na ya kiume, lakini haziamki pamoja: asubuhi ya kike iko tayari, unga wa kiume unatoka baadaye, ya kike imeshafunga. Kule pwani wapo wadudu wa kuzipatanisha. Hapa wadudu wenyewe wanaona baridi.

"Kwa hiyo lazima mtu afanye kazi ya mdudu," akasema.

Jumatano iliyofuata tukaenda jijini pamoja. Alihitaji brashi laini sana, na brashi laini kuliko zote zinauzwa mahali pamoja. Yule mama wa Mombasa alipomwona Mwalimu anageuzageuza brashi za poda, anazipitisha shavuni kupima ulaini, alimvutia kiti kwanza. Mwishowe akauliza kwa adabu kama Mwalimu anataka na poda yenyewe. Mwalimu akajibu poda anayo nyumbani. Mle dukani alikuwamo mtu wa kanisa letu, na kufikia Jumapili Riruta nzima ilikuwa na taarifa ya eneo kwamba Mwalimu amepata mchumba.

Alitembea na hiyo habari kwa wiki kadhaa bila kuikanusha. Nadhani ilimfurahisha. Mti ulipochanua tena, jioni alipanda kwenye kigoda, akakung'uta unga wa maua ndani ya kopo la dawa. Asubuhi, kabla ya chai, alipanda tena, akayafungua maua machanga kwa ukucha wa kidole kidogo na kuyapaka kwa brashi, mkono mmoja umeshika tawi, gambuti miguuni. Kijana wake angemwona juu ya kigoda kile angezimia. Nilimshikia mimi, kila asubuhi, nikiwa na kanga na mswaki mdomoni.

Maua yakaanguka. Moja halikuanguka.

Tulilitazama likivimba, tukisema labda ni ugonjwa. Likatoa vimiba laini. Lilipofika ukubwa wa yai hapakuwa tena na ubishi, na ndipo mimi nikaanza kuhesabu mbele yetu kuna nini, nikakosa raha kabisa. Nilimpenda Mwalimu, na sikutaka nafasi ya bati iwe tupu. Nilitarajia Julai. Nilijua kwamba tunda changa la stafeli likipigwa na baridi linageuka jeusi na kudondoka, na hakuna atakayelaumiwa.

Julai ikaja, mbaya kuliko nyingine. Jioni ya kwanza ya manyunyu nikapita kwenye nafasi ya bati nikamkuta Mwalimu analivisha tunda kofia ya sufu. Alikuwa ameifuma mwenyewe, ya kahawia, ina kamba ya kufungia. Chini ya mti alikuwa ameweka jiko lenye makaa kidogo. Nilikasirika. Nilimuuliza kama amesahau alichoahidi.

"Sijasahau."

"Sasa si uliache tu, Mwalimu? Baridi imalize. Hutakuwa umefanya kitu."

Alimaliza kufunga kamba kwanza. "Nikiliacha life kwa sababu kufa kwake kunanifaa, nitakuwa nimemdanganya mtoto wangu bila kufungua mdomo," akasema. "Na huu mti umejitahidi. Wewe hukuuona? Mahali kama hapa, na umejitahidi hivi." Akapiga chafya, akaingia ndani, akaniacha na jiko.

Kwa hiyo tulilitunza tukijua tunachokitunza. Nilileta makaa. Mchana wa jua tulivua kofia, jioni tukavisha. Muuza nyama aliuliza mtoto ni wa nani. Agosti likawa zito, kama kichwa cha paka, Septemba likaanza kupauka, na siku moja Mwalimu akalibonyeza, akalikata, akaliweka kwenye bakuli jikoni lilainike. Akampigia simu kijana wake. Akaanza kufunga mizigo.

Jumamosi ile, mwezi uliopita, nilifika nikakuta gari tayari limepakiwa. Masanduku mawili, maboksi ya atlasi, redio imelazwa kwenye kiti cha nyuma na kufungwa mkanda. Sebule ilikuwa na mwangwi. Mwalimu alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili na viatu vya kufunga. Kijana wake alizunguka akifunga madirisha, na sikumwona na furaha ya mtu aliyeshinda. Alisimama kwa muda mrefu kwenye dirisha la jikoni.

Tukakaa mezani watatu. Mwalimu alilipasua lile stafeli. Nyama ilikuwa nyeupe, yenye maji, na chumba kizima kikanukia. Alimkatia kwanza kijana wake, akisema yeye ndiye aliyeahidiwa, kisha mimi, kisha akajikatia kipande chembamba ambacho hakukigusa. Niliweka changu mdomoni. Lilikuwa tamu, na uchachu wake kidogo wa mwishoni. Nilitamani liwe limeoza. Nilimeza na machozi yakanijia, nikajifanya natoa mbegu.

Nje, mama mboga akaita getini kwamba amemwekea Mwalimu mboga za managu, aje achague kabla wengine hawajafika. Kijana mmoja anayepita akapaza sauti, "Madam! Leo najua! Ziwa Turkana!" Mwalimu alinyanyuka nusu kwenye kiti, akakumbuka, akakaa tena akanyoosha kitambaa cha meza.

Kijana wake alimwona akinyoosha kile kitambaa. Alitafuna polepole. Aliweka mbegu kando ya sahani, akaangalia ile mbegu.

"Mum," akasema, "hii haijaiva."

"Imeiva. Bonyeza. Nusa."

"Haijaiva."

"Wewe unajua nini kuhusu stafeli?"

"Sijui kitu. Lakini mimi ndiye uliniahidi, na mimi nasema haijaiva." Akajikatia kipande kingine, kikubwa zaidi, akakitia chote mdomoni. "Bado kabisa," akasema mashavu yamejaa.

Nilingoja Mwalimu ainuke akaitoe atlasi kwenye gari. Alinigeukia kama anayetafuta shahidi, na mimi nikaangalia sahani yangu kwa makini sana. Kijana wake alikuwa kwenye kipande cha tatu. Maji ya tunda yalimtiririka mpaka kwenye saa, akayalamba.

"Lakini Jumatatu naleta fundi," akaendelea bila kumtazama. "Aweke chuma cha kushikilia bafuni, na ile sakafu ibadilishwe. Na jirani awe na funguo. Hapo hatubishani."

"Hatubishani," Mwalimu akasema. Alitoa kitambaa chake, kile kile cha kufutia midomo ya watu, akajifuta macho, wala hakuficha. Kisha akavuta sahani ya kijana wake, akamkatia kipande kilichobaki.

"Basi kama wewe ndiye unasema," akamwambia, "maliza, unawe mikono, ukashushe hiyo mizigo kwenye gari. Anza na redio, imekaa juani."